Vumbi la Kokoto

Kengele ya mwisho ilipolia, Fridah hakuwa na haja ya kuulizwa anakwenda wapi. Alikata njia nyuma ya shule kuelekea kijiji cha Bongwe, mkoba ukimpigapiga mgongoni, na kabla hajaiona nyumba alikwisha kusikia nyundo. Rafiki yake Jumwa, aliyekuwa amemtangulia kutoka darasani, na mama yake Jumwa, Sidi, walikuwa wamekaa uani wakivunja mawe kuwa kokoto za kujengea hoteli za Diani.

"Shikamoo, mama," Fridah aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu tuumie pamoja," Sidi alijibu huku akicheka, akimsogezea nyundo ya tatu.

Haikuchukua muda, nyundo ya Jumwa ikaanza kwenda kwa mpigo, na Fridah akaanza kutupa maneno juu ya mpigo ule. Ndivyo kundi lao lilivyozaliwa. Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na saba, na muziki wa kufokafoka ulikuwa umewakamata vijana wa Ukunda. Kaseti zilipita mkono kwa mkono, wavulana walivaa suruali pana zilizofagia barabara. Wasichana waliofoka hawakuonekana. Fridah na Jumwa, wa darasa la saba, waliamua waonekane. Walijiita Kokoto Mbili.

Fridah alikuwa mwepesi wa kutunga. Mama yake, Teresa, alitoka Kitui, bara, kuja kufanya kazi ya udobi hotelini, na Fridah alikulia katika nyumba za wafanyakazi, ambako Sheng, ile lugha ya vijana wa mitaani, iliongewa kutwa. Jumwa, mzaliwa wa Kinango, alikuwa na sauti. Ilikuwa sauti nene ya chini, itokayo tumboni, hata watu waligeuka kumtafuta mtu mzima aliyesema.

Waligombana kila siku juu ya lugha.

"Hiyo Sheng yako mama hataielewa," Jumwa alisema.

"Na hiyo yako ni kama hotuba ya chifu! Nani atacheza?"

Mwishowe Fridah alikubali. Wimbo uliowapa umaarufu ulikuwa kwa Kiswahili cha Jumwa, na kila ulipofika penye kiitikio, Jumwa aliubeba peke yake:

*Twavunja mawe, ghorofa zapanda,*
*wageni walala, sisi twajikanda;*
*mawe ni yetu, ghorofa si yetu,*
*jasho ni letu, kivuli si chetu.*

Waliuimba siku ya wazazi shuleni, na wazazi wakasimama. Miongoni mwao alikuwapo kijana aitwaye Cliff, aliyepiga muziki katika ukumbi wa disko wa hoteli moja. Aliwafuata nje akiwa bado anatikisa kichwa. "Nyinyi wawili," aliwaambia, "msiache. Nikipata nafasi yoyote nitawaita." Tangu siku hiyo Fridah alilala na kuamka na ahadi ile.

Agosti mambo yakaharibika. Vurugu zilizuka Likoni na kuteremka kusini. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na watu wa bara wakatafutwa mlango kwa mlango. Sidi hakungoja kuombwa. Aliwafuata Teresa na Fridah, akawaficha chumbani mwake, naye akakaa mlangoni na nyundo yake mapajani. "Humu mna wanangu tu," aliwajibu waliopita kuuliza. Walikaa humo hadi hali ilipotulia.

Hali ilitulia, lakini wageni hawakurudi. Hoteli zilifunga milango moja baada ya nyingine. Teresa alipunguzwa kazini. Ujenzi ulisimama, na hakuna aliyenunua kokoto tena. Lundo lililala uani kwa Sidi likipigwa na mvua, maana mwaka ule mvua ilinyesha kana kwamba haikumbuki namna ya kuacha. Barabara zilikatika, vyoo vikafurika, na kila nyumba ilikuwa na mgonjwa.

Nyumbani kwa Sidi mgonjwa alikuwa Karisa, ndugu yake, aliyekuja kutoka Kinango amekonda kama ufito. Alikohoa kutwa kucha, naye alikataa kabisa kupelekwa hospitali. Alifariki kabla ya Krismasi. Majirani walinong'ona kwamba ni ule ugonjwa usiotajwa. Waliacha kuomba moto kwa Sidi, wakaacha hata kuketi kwenye kivuli cha paa lake.

Kisha Jumwa akaanza kukohoa.

Mwanzoni Fridah hakujali. Lakini shule zilipofunguliwa, wakiwa sasa darasa la nane, aliona sare ya Jumwa inaning'inia mabegani. Siku moja, wakifanya mazoezi nyuma ya lundo la kokoto, Jumwa alishikwa na kikohozi, akainama, akajipangusa kwa kitambaa na kukikunja upesi. Lakini Fridah alikuwa ameshauona uwekundu.

"Jumwa! Hiyo ni damu!"

"Nyamaza!" Jumwa alimkamata mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto. "Usimwambie mtu. Wala mama. Waliyoyasema juu ya mjomba uliyasikia. Wakijua nami nakohoa damu, nani atatukaribia tena? Niapie."

Fridah alisita. Lakini juma lilelile Cliff alikuwa ameleta habari. Wakati wa Pasaka kungekuwa na mashindano ya muziki ya vijana Ukunda, na washindi wangerekodiwa studioni Mombasa, kaseti yao ipelekwe redioni. Teresa alikuwa hana kazi, Sidi hana mnunuzi, na Fridah hakuona mlango mwingine wowote uliobaki wazi ila ule. Bila Jumwa ungefungwa.

Akaapa.

Aliapa, kisha akafanya kazi ya kulinda kiapo. Alimletea Jumwa tangawizi na peremende za kifua. Alipanga wimbo upya ili Jumwa apate mahali pa kupumzika. Mwalimu Kitsao, mwalimu wao wa darasa, alipomwita ofisini na kumwuliza, "Rafiki yako ana nini? Mbona anakwisha hivi?" Fridah alijibu bila kupepesa macho, "Ni vumbi la kokoto, mwalimu."

Kumdanganya mwalimu hakukumsumbua sana. Kilichomsumbua ni siku Sidi alipomshika bega akiwa anaondoka, akamsindikiza hadi njiani ili Jumwa asisikie.

"Mwanangu, wewe ndiwe unayemjua zaidi kuliko sote. Jumwa halali. Anatoa jasho hadi mkeka anaolala na mdogo wake Thoya unalowa. Hajakwambia neno?"

Fridah alimtazama mwanamke yule aliyekaa mlangoni na nyundo kwa ajili yake. "Ni vumbi tu, mama," alisema. "Mvua ikiisha atapona."

Sidi alimwamini. Mvua iliendelea.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Jumwa alikuwa amekonda, lakini aliposimama jukwaani na kuushika mkono wa Fridah, ile sauti ilitoka mahali fulani, nene na nzito, ikajaa hadi pembeni. Alibeba kiitikio cha mwisho peke yake na watu wakakirudia naye. Walishinda. Cliff aliwanyanyua wote wawili, Teresa alilia, na Fridah alijiambia kwamba kunyamaza kwake kumezaa matunda. Hakujua kwamba ndiyo mara ya mwisho yeyote kuisikia sauti ile.

Siku ya kwenda studioni ilipofika, Jumwa alikuwa ananong'ona. "Ni mafua," alisema kwa shida, na Fridah akadakia, "Ni mafua tu," kabla Cliff hajauliza. Walivuka kivuko pamoja na Cliff hadi kwenye chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani. Fundi wa mitambo aliwavalisha vipokea sauti masikioni, akapiga muziki, akainua kidole. Fridah aliimba beti zake bila kosa. Kikafika kiitikio.

Jumwa alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama mlango wa bati unaoburutwa kwenye saruji.

"Tena," alisema fundi kwa upole.

Wakarudia. Wakarudia tena. Mara hii Jumwa alijikaza kwa nguvu zake zote, na badala ya neno kikaja kikohozi, kikafuatana na kingine, hadi akapiga magoti. Aliziba mdomo kwa viganja viwili, na damu ikapita katikati ya vidole. Fundi alizima mashine. Cliff alimgeukia Fridah, uso umemsawijika.

"Kitu hiki kimeanza lini?"

Fridah alitaka kusema vumbi. Badala yake alipiga magoti, akamshika Jumwa mabega.

Cliff aliwarudisha kusini siku ileile, moja kwa moja hadi hospitali ya Msambweni. Makohozi yalipimwa, kifua kikapigwa picha. Muuguzi aliyewapokea, Sista Christabel, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alimweleza Sidi bila kuzungukazunguka. Ulikuwa kifua kikuu. Kilikuwa kimekula pafu, kisha kikapanda hadi kooni na kukaa penye sauti. Huenda Jumwa aliambukizwa na mjomba wake.

"Kina dawa?" Sidi aliuliza.

"Kina dawa, mama. Miezi minane, miwili ya kwanza ni ya sindano humu wodini. Akimeza zote atapona. Lakini koo…" Sista alitikisa kichwa. "Angaliletwa kilipoanza, koo lisingaliguswa. Sasa leteni wote waliolala naye tuwapime."

Waliletwa. Sidi alikuwa salama. Teresa na Fridah walikuwa salama. Lakini Thoya, mdogo wake Jumwa, aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu na aliyezoea kulala kifuani kwa dada yake, alikuwa ameambukizwa. Alilazwa katika wodi ya watoto, mdogo sana kitandani hata shuka lilionekana tupu.

Fridah alimkuta Sidi nje ya wodi ile, ameketi sakafuni. Aliketi mbele yake.

"Mama, nilijua. Niliiona damu kabla ya Pasaka. Uliponiuliza, nilijua."

Fridah alitamani apigwe. Alitamani hata atukanwe. Sidi hakumpiga wala hakumtukana. Alijikaza akasimama, akajifunga leso vizuri kiunoni, akaingia wodini kwa Thoya na kufunga mlango polepole. Tangu hapo, Fridah akimwamkia, Sidi aliitikia, "Marahaba," basi. Neno "mwanangu" halikufuata tena.

Nafasi ya studio walipewa wavulana walioshika namba ya pili. Hoteli ya Cliff ilifungwa mwezi wa Juni, naye akaenda Malindi kutafuta kibarua, wala hakurudi. Kila Jumamosi Fridah alikwenda Msambweni, na Jumwa alipotolewa wodini, alikwenda Bongwe kuhakikisha vidonge vimemezwa. Sidi alimwachia apite. Hawakuimba. Siku nyingine walikaa tu, Fridah akisoma masomo ya shule kwa sauti na Jumwa akisikiliza, kwa kuwa mtihani wa darasa la nane haukumngoja mtu. Fridah aliufanya. Jumwa hakuufanya.

Desemba ilipoingia, Teresa alikuwa ameuza vyombo na kufunga mizigo. Hakuna hoteli iliyomwita, na walikuwa wanarudi Kitui. Siku moja kabla ya safari, Fridah alimsindikiza Jumwa hospitalini kuchukua majibu ya mwisho. Makohozi yalikuwa safi. Thoya naye, aliyeletwa na Sidi kupimwa, alikuwa anakimbia ukumbini akifukuza kuku wa mtu. Jumwa alikuwa amerudisha mwili, mashavu yamejaa, macho yanang'aa. Ungemwona ungesema hajapata kuugua, hadi afungue mdomo.

"Itarudi, sista?" Fridah aliuliza. "Sauti yake?"

"Ningekuwa nakudanganya nikisema ndiyo," Sista Christabel alijibu. "Na nadhani wewe umekwisha kuona uongo wa kufariji unaishia wapi."

Fridah aliinamisha kichwa. Sista alivuta kiti akaketi mbele yao wote wawili.

"Nisikilizeni, wanangu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe Jumwa, Mungu amekurehemu, umeumbuliwa na sauti badala ya kifo. Uliogopa midomo ya watu, na midomo hiyo haikukuletea hata kidonge kimoja. Kifua kikuu si aibu wala si laana. Ni ugonjwa, na dawa yake iko humu, bure, kwa anayewahi. Kikohozi kikipita majuma mawili, mtu apimwe. Na wewe Fridah, ziko siri za rafiki unazotakiwa uende nazo hadi kaburini. Ugonjwa wake si mojawapo. Huo unampelekea mtu mzima mbio, ingawa umeapa. Rafiki yako atakukasirikia. Mwache akukasirikie akiwa mzima, na sauti yake ya kukugombezea anayo."

Sista aliinuka, akaandika kwamba Jumwa amemaliza dawa, akamwita mgonjwa mwingine.

Walitembea pamoja hadi barabarani, mahali ambapo Fridah angepata gari la kumrudisha Ukunda, naye Jumwa angebaki kumngoja mama yake na Thoya. Gari lilipunguza mwendo, utingo akapiga bati. Jumwa alimshika bega, akasema neno. Mngurumo wa injini ulilimeza. Ilibidi Fridah ainame na kuweka sikio karibu kabisa na midomo ya rafiki yake, ndipo akasikia:

"Nenda salama."