Kwa Nini Eliana Hapigi Simu?

Mzee Zefania wa Mtinko alikuwa akipepeta mtama, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu. Ilikuwa simu mpya ya kugusa. Alipewa na binti yake, Eliana, aliyeolewa Nduguti. Eliana alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa zimefika.

"Wiki mbili hajapiga," alisema Zefania. "Ananipa simu, halafu hapigi! Ndiyo nini sasa?"

"Si umpigie wewe, baba Eliana?" alisema mkewe, Damari.

"Mimi? Mtoto ndiye humwamkia mzazi. Sipigi ng'o!"

Jamani, ukaidi huo! Kumbe moyoni aliogopa. Je, amejifungua? Ni mzima? Watu wengine walipiga na simu iliita. Eliana tu ndiye kimya. Zefania alichanganyikiwa kabisa.

Mara akaja jirani yao Anastazia, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Umegombana na Eliana? Kanipigia analia, ana habari anataka akwambie mwenyewe. Anasema akikupigia simu inakatika."

"Inakatika? Mbona huku haiiti?"

Anastazia aliomba simu. Akagusa alama ya simu, akagusa vidoti vitatu juu, kisha Mipangilio, kisha Namba zilizozuiwa. Namba ya Eliana ilikuwa pale.

"Umemzuia mwenyewe, mzee!"

"Nimzuie mwanangu? Toba!"

"Hukubonyeza kitu usichokielewa?"

Zefania akakuna kichwa. "Nilikuwa nafuta orodha ya simu za zamani. Yakatokea maandishi, nikabonyeza ili yaondoke."

"Basi ndiyo hapo. Ukizuia namba, mwenye namba akipiga, simu yako haiiti. Lakini wewe ukimpigia, anapokea. Sasa iondoe mwenyewe, mimi naangalia. Maneno haya hutofautiana simu hadi simu. Usipoelewa, uliza kwanza."

Zefania akagusa namba ile, kisha alama ya kuondoa. Namba ikatoka.

"Haya, mpigie."

Zefania akamtazama mkewe. Akapiga.

"Baba! Shikamoo! Nilidhani umenikataa."

"Marahaba, mwanangu. Ni ujinga wangu na simu hii. Nisamehe. Umejifungua?"

"Wa kiume, baba. Ana siku tisa."

"Anaitwa nani?"

"Bado hana jina. Mume wangu alisema litoke kwako. Tukakupigia, tukakupigia..."

Machozi yalimtoka mzee. "Isaka," alisema. "Mwiteni Isaka."

Siku hizi Zefania habonyezi asichokielewa. Na kila Jumapili hupiga yeye kwanza, kumsalimia Isaka.