Zege la Bi Moshi

Walikutana kwenye foleni ya vibali vya ujenzi, ukumbi umefurika, kila mtu na michoro kwapani. Mkandarasi alikuwa akilalama kwamba kanuni mpya imetungwa na mtu asiyewahi kushika koleo. Dada aliyekuwa mbele yake, gauni la kijani, viatu vimejaa vumbi la saruji, akageuka.

"Mtu mwenyewe ni mimi," alisema. "Na koleo nimeshika."

Basi, mkandarasi akanasa, wakawa wapenzi. Mafundi wake walimbandika dada huyo, aliyekuwa mhandisi, jina la Bi Moshi, maana kanuni yake iliwekea kila jengo kikomo cha gesi zinazoipasha dunia joto, na kuchoma saruji viwandani hutoa gesi hizo kwa wingi. Sehemu ya saruji ikabidi iachie nafasi majivu ya viwandani, na zege la namna hiyo hukomaa polepole.

Mkandarasi alikubali, nusu kwa sheria, nusu kwa mapenzi. Akamwaga dari ya kwanza, na usingizi ukamtoroka. Kaka yake aliwahi kufukiwa na dari mbichi. Mkandarasi mwenyewe ndiye aliyemfukua. Siku ya kutoa nguzo za muda zilizoishikilia dari akaiahirisha, akaiahirisha tena. Simu za mpenzi wake hakupokea.

Asubuhi moja Bi Moshi akatokea mwenyewe, amenuna.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo anayekufanya usipokee simu zangu."

"Ni dari, mpenzi. Naogopa hii dari yako, na nimeona haya kukwambia."

Bi Moshi hakucheka. "Vipande vya majaribio vilipimwa jana maabarani. Zege limeshakomaa. Toa nguzo."

Zikatolewa moja moja. Ya mwisho ilipolala chini, mlio ukasikika darini, na mafundi wakatoka mbio. Hakuna aliyetaka kurudi. Bi Moshi akavaa kofia ngumu, akaingia, akasimama katikati.

"Toka, nakuomba." Mkandarasi alikuwa mlangoni.

"Njoo unitoe."

Mkandarasi akaingia. Vumbi liliwadondokea mabegani. Dari ilikuwa imenyooka vilevile.

"Bado unaogopa?"

"Sana. Ndiyo maana nakuuliza hapahapa, nikitoka nitashindwa. Utakubali nikuoe?"

Bi Moshi akamshika mkono.

"Nimekubali," alinong'ona Bi Moshi. "Sasa nitoe humu, mpenzi. Na mimi naogopa."