Mstari wa Machimbo

Kila asubuhi, kabla ya kuingia getini, Redio alisimama kwenye bomba, akalowesha kitambaa na kufuta viatu vyake. Alifuta mbele, nyuma, mpaka kwenye mishono. Mdogo wake wa darasa la tano alisimama pembeni akimwangalia.

"Dada, vitachafuka tena."

"Nyamaza. Ukitaka kuitwa Unga, itwa peke yako. Na ukinikuta ndani, hunijui."

Unga ndilo jina walilobandikwa watoto wa machimbo. Kule machimboni watu wanaponda mawe kuwa kokoto, na vumbi lake jeupe linaingia kwenye nywele, kwenye chai, hata kwenye mswaki. Redio naye aliitwa Redio kwa sababu mdomo wake hauzimwi. Alihamia shule hii mwaka jana, na siku ya kwanza tu akautangaza darasani uongo wake: anakaa kwenye nyumba za ghorofa, ghorofa ya pili, dirisha linatazama barabara. Tangu hapo, jioni anazunguka njia ya stendi, halafu anateremkia machimboni kwa nyuma kama mwizi wa kuku.

Siku ile mtihani wa hesabu ulirudishwa. Redio alipata ishirini na nane kwa mia. Chini yake mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: Jitahidi!

"Nijitahidi wapi?" alinong'ona, karibu alie. Alikuwa amejitahidi mpaka macho yakamwuma. Lakini nyumbani ni chumba kimoja, na nje ya mlango mama na majirani wanagonga mawe mpaka giza. Akianza saba mara nane, ko! Akirudia, ko! ko! Kichwani mwake saba mara nane ilikuwa ko-ko-ko.

"Mama, si mpumzike kidogo?" aliwahi kuomba.

"Mwanangu, tukipumzika sisi, na sufuria nayo inapumzika," mama alijibu, nyundo ikiwa hewani.

Baada ya mapumziko, mwalimu wa hesabu aliyatoa uwanjani madarasa yote mawili, la tano na la sita. Alikuwa na chaki nyuma ya sikio kama seremala.

"Leo hatuchori grafu. Nyinyi ndio grafu," alisema. "Kila mtu ashike karatasi yake ya mtihani. Wa ghorofani mstari huu. Wa sokoni ule. Wa machimbo huku mwisho. Haya!"

Watu walikimbia, wakasukumana. Redio alisimama mstari wa ghorofani, nyuma ya kiranja aliyeitwa Kola kwa jinsi alivyopiga pasi kola ya shati lake. Kola ndiye aliyelianzisha jina la Unga. Mstari wa machimbo ulikuwa na watoto wachache tu, vichwa chini, na mbele yao mdogo wa Redio.

Yule mtoto akageuka, akamwona.

"Dada! Umekosea mstari!"

Uwanja ukacheka. Kola akageuka. "Huyo ni nani wako?"

"Simjui," Redio akasema. "Labda amenifananisha."

Mdogo wake alikunja karatasi yake, akaangalia vidole vya miguu yake.

Mwalimu alipita akisoma alama, mstari kwa mstari. Alipofika ghorofani akasimama muda mrefu, akakuna kichwa mpaka chaki ikaanguka.

"Ajabu," alisema. "Nilimwambia mwalimu mkuu wanaoanguka ni watoto wa machimbo, sababu ya kelele. Nikamwomba kile chumba cha madawati mabovu, tukisafishe, wawe wanasomea pale jioni. Kumbe machimbo ni hawa wachache, na walioanguka wamejaa ghorofani, kwenye umeme na meza! Basi huo ni uvivu. Chumba hakihitajiki, kigeuzwe stoo ya saruji. Ghorofani, kuanzia kesho mnabaki kufagia uwanja."

Redio aliona kile chumba kinaondoka. Chumba kimya! Meza, taa, na saba mara nane bila nyundo. Na ni yeye mwenyewe anayekifukuza, kwa kusimama tu.

"Mwalimu!" Sauti ilimtoka kabla hajaamua. "Mimi ni wa machimbo. Na yule ni mdogo wangu."

"Ahaa. Umesikia chumba, sasa umehama?"

"Sijahama, mwalimu. Nilidanganya."

"Nitajuaje lipi ni la kweli?"

Redio alivua kiatu. Nje kiling'aa. Akakigonga kwenye ngazi ya darasa, ko! ko! Ndani yake likamwagika vumbi jeupe, na kipande cha kokoto juu yake.

Safari hii hakuna aliyecheka. Redio akavuka uwanja na kiatu kimoja mkononi, akasimama nyuma ya mdogo wake.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Unanikanyaga," mdogo wake alijibu, lakini akasogea kumpa nafasi.

Halafu ikasikika tena, ko! ko! Msichana wa mstari wa sokoni alikuwa ngazini, kiatu mkononi, kisha naye akavukia mstari wa machimbo. Akaja mwingine, na mwingine. Wa mwisho alikuwa Kola. Viatu vyake vilimwaga vumbi la kutosha kupaka ukuta.

"Ghorofa ya ngapi wewe?" Redio akamwuliza.

"Niache," Kola akasema, masikio yakimuwaka.

Mstari wa machimbo ukawa mrefu kuliko yote. Mwalimu aliuangalia, kisha akakaa ngazini, katikati ya lile vumbi.

"Sikilizeni. Mgonjwa wa tumbo akimwambia daktari anaumwa jino, atang'olewa jino zima na tumbo litabaki linauma. Mimi nilikuwa karibu kuwang'oa meno. Kupata ishirini na nane si aibu, kunatibika. Lakini semeni ukweli wa mnapoumia, ndipo mtu aweze kuwasaidia. Na mwalimu naye amejifunza: kabla ya kumwita mtoto mvivu, aulize anasomea wapi."

Akainuka, akajikung'uta suruali. Haikusaidia, nyuma ilibaki nyeupe pe.

"Mwalimu," mdogo wa Redio akasema kwa upole, "na wewe sasa ni Unga."

"Basi mstari wangu ni huu," mwalimu akasema. "Twendeni tukatoe yale madawati."