Mke wa Kiti cha Kushoto

Nilitoka kuokota mayai. Sikuwa na safari nyingine jioni ile, ila kutoka mlangoni mwangu hapa mtaani Ziwani mpaka kwenye ua wa michongoma, bakuli mkononi. Kuku wangu walizoea kutaga ndani ya gari. Usicheke. Lilikuwa gari la michezo la viti viwili, fupi kama sufuria iliyofunikwa, paa lake la turubai limetoboka. Mume wangu, Mutisya, aliuziwa na tajiri wake Mwingereza, wakili ambaye Mutisya alikuwa dereva wake, pale mzungu huyo alipofunga virago baada ya yale mapinduzi yaliyoshindwa. Injini ilikuwa imekufa. Mutisya alililipia mshahara wa mwezi mzima, nami nikanuna mwezi mzima.

Jua lilikuwa limetua. Nikaingiza mkono kwenye kiti cha kushoto, mahali kuku mweupe alipopenda kulalia.

Kiti kilikuwa na joto.

Nikapapasa. Hakuna kuku. Hakuna yai. Nikapapasa tena, na safari hii nikasikia ngozi ya kiti ikinyanyuka polepole chini ya kiganja changu... kama mtu aliyekuwa amekaa ndiyo kwanza anainuka. Halafu nikanusa harufu.

Udi.

Nyumbani kwetu hakuna udi. Sisi ni watu wa kanisa, nyumba yetu hunukia mafuta ya taa na maharage. Udi ni wa wanawake wa mtaa wa Majengo, wanaofukiza nguo zao kabla waume hawajarudi. Kwa hiyo sikufikiria shetani hata kidogo. Nilifikiria mwanamke. Wivu ninao, sikatai, na jioni ile ulinipanda mpaka kooni.

Lakini kwanza nieleze habari ya mnada, kwa sababu kabla ya mnada gari lile lilikuwa banda la kuku tu.

Miezi michache nyuma, gari la aina hiyo hiyo lilinadiwa mjini. Mutisya aliona kwa macho yake, kwani alikuwa amempeleka huko tajiri wake mpya. Wakusanyaji wa magari ya zamani walishindana, huyu akipandisha, yule akipandisha, mpaka dalali akagonga nyundo kwa bei ya nyumba ya Buruburu. Nyumba! Yenye vyumba vitatu na choo cha ndani! Mutisya alirudi hana sauti. Lililouzwa lilikuwa moja tu, lakini kesho yake yote ya aina ile yalikuwa yamepanda bei, hata letu lililojaa mavi ya kuku. Abdurahim, mwenye duka la vipuri Pumwani, ambaye mwanzoni alilikataa hata kwa bei ya chuma chakavu, alikuja mwenyewe na kanzu yake safi, akalizunguka gari huku amefunga mikono nyuma.

"Taja bei, Bwana Mutisya."

"Sitaji. Mnada mwingine unakuja."

Mnada mwingine ukaja, bei ikapanda tena. Abdurahim akarudi, akakataliwa tena. Mutisya akawafukuza kuku, wote isipokuwa yule mweupe aliyekuwa mkaidi kama mimi. Akaliosha gari, akalipaka mafuta. Kila akitoka kazini hakupitia mlangoni, alikwenda moja kwa moja kwenye ua, akaketi nyuma ya usukani wa gari lisilokwenda popote. Jirani yetu Owino alinicheka waziwazi.

"Shemeji, pole. Bwana yako ameoa bibi wa pili, na huyo halali njaa, halali uchi, anapakwa mafuta kila siku!"

Nilicheka naye. Roho yangu haikucheka.

Basi baada ya joto lile la kiti nilimngoja Mutisya mezani.

"Baba Kiilu, ni nani anakaa kwa hiyo gari?"

"Hakuna mtu."

"Kiti ya kushoto ina joto. Inanuka udi."

Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa. Alitabasamu, tabasamu ambalo nililiona mara ya mwisho tulipokuwa wachumba kule Machakos.

"Wachana na hiyo kiti, Mama Kiilu," akasema, akasukuma sahani ya ugali bila kuigusa.

Siku iliyofuata nilijificha nyuma ya michongoma. Akaja. Akaingia. Akageuza uso kushoto, akaanza kunong'ona. Alikuwa akicheka kidogo, akinyamaza, akiitikia... kama mtu anayejibiwa. Kioo cha nyuma cha gari lile kilikuwa cha plastiki kilichofifia, na mwanga ulikuwa unakwisha. Nikasogea. Nikasogea tena.

Kulikuwa na vichwa viwili.

Cha kushoto kilikuwa kimejitanda ushungi.

Damu ilinichemka. Niliukimbilia mlango wa kushoto, nikaufungua kwa nguvu zangu zote. "Toka hapa, mwizi wa waume wewe!"

Hapakuwa na mtu.

Kiti kilikuwa kimebonyea, shimo la makalio na shimo la mgongo, na udi ulinipiga usoni mpaka machozi yakanitoka. Mutisya alinitazama kwa macho mekundu.

"Umemuudhi," akanong'ona. "Ndanu... umemuudhi vibaya."

Tangu siku ile Mutisya alianza kuisha. Chakula hakipiti. Suruali akaifunga kwa kamba. Zahanati walimpima, wakasema hana ugonjwa. Kazini akapewa likizo, na likizo yote akaimalizia kwenye gari. Nilipomshika mkono usiku, mkono wa upande wangu ulikuwa baridi. Nikajua nikizubaa nitazika mume, na gari litabaki.

Nilikuwa na mteja mmoja Majengo, Bi Kadija, mama wa makamo aliyekuwa akininunulia kwa jumla vyondo, vile vikapu ninavyosuka. Watu walisema anajua mambo. Mimi mtu wa kanisa nilikuwa nikijifanya sisikii. Siku hiyo nilisikia. Nilikwenda kwake alasiri, nikamweleza yote huku yeye akichambua mchele.

"Huyo hakuja na mzungu wenu," akasema. "Lilipokuwa la kuku, mlimwona?"

"Hapana, Bi Kadija."

"Basi. Siku ile nyundo ilipogongwa, ni macho mangapi yalitamani gari la namna ile? Wale watu wa pili, majini, nao hutamani, mwanangu. Kitu rahisi hawakitaki. Ukipandisha bei mbele ya watu, na wao wanasikia." Akapuliza makapi. "Kwenu Ukambani, mama aliyezika watoto wawili, watatu, akizaa mwingine hufanyaje?"

Nilijua. Shangazi yangu Nthoki alifanyiwa hivyo. Alipozaliwa alitupwa jaani asubuhi na mapema, jirani akajifanya amemwokota, na mama yake akamnunua kwa senti chache kama takataka ya mtu mwingine. Kifo kikipita kione mtoto asiye na thamani, kiende zake. Shangazi Nthoki yuko hai mpaka leo, na mdomo wake vilevile.

"Majengo pia tulikuwa tunafanya," akasema Bi Kadija. "Kaliangushe bei. Lakini auze mwenyewe, kwa kinywa chake, jua likizama. Nami nitakuja."

Kumshawishi Mutisya ilikuwa kazi. Alikuwa anaota utajiri, na mnada wa tatu ulikuwa wiki ile. Nililia, nikagomba, nikafunga sanduku la nguo, nikamwambia narudi na mwanetu Kiilu kwa mama yangu, yeye abaki na bibi yake wa turubai. Mwisho akasema, "Wewe nilikuoa mbele ya watu, Ndanu." Akainuka, akiegemea ukuta.

Tukasimama mbele ya gari, mimi, yeye na Bi Kadija na chetezo chake. Anga ilikuwa ya rangi ya majivu. Ndani ya gari... kwek. Springi ya kiti.

"Sema," akanong'ona Bi Kadija.

"Ninauza," akasema Mutisya. "Ni takataka hii. Haina kazi."

"Bei?"

"Senti kumi."

Nikamwekea sarafu kiganjani. Kisha nikafanya nilichofundishwa. Nikalitemea boneti mate. Nikamwaga ndoo ya maganda ya viazi juu ya viti, nikawasukumia kuku ndani, wote, wakapiga kelele na kunya kwa hofu. Nikalitukana gari lile kwa Kiswahili na kwa Kikamba, na nakiri matusi yalinitoka kwa raha.

Kwek.

Mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe.

Kuku wakanyamaza, wote kwa pamoja. Udi ukanipitia ubavuni, karibu sana, na kitu laini kama ncha ya ushungi kikagusa shavu langu. Ukaenda. Ukaenda kuelekea njiani, ukififia... ukififia...

Nilikuwa nimeshinda. Na mimi, nikishinda, mdomo wangu hauna breki. Nikamkumbatia Mutisya kwa mikono miwili, nikapaza sauti nyuma ya yule mwanamke.

"Nenda! Na huyu hapa usimtazame tena! Huyu ni wangu, simtoi, hata niletewe nyumba zote za Buruburu!"

Bi Kadija akanirukia, akaniziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amechelewa.

Harufu ilikuwa imesimama pale njiani. Haikufifia tena. Ilikaa mahali pamoja, kama mtu aliyeitwa jina akageuka.

"Umesema nini wewe?" akanong'ona Bi Kadija. "Ya Rabi, mwanamke wewe... umetaja bei."

Gari tulimwachia Abdurahim kwa bei ya chuma chakavu. Akalisafisha, akalipeleka mnadani, na kwa fedha alizopata akaongeza ghorofa juu ya duka. Hakuugua hata mafua. Nikipita Pumwani nikaiona ile ghorofa, tumbo huniuma mpaka leo, lakini hilo ni la wivu wa kawaida, linapona.

Mutisya akapona pia. Akala, akanenepa, akarudi kazini, akafanywa mkubwa wa madereva. Akanunua kofia. Watu wakaanza kumwona. Mchungaji akamsifu mbele ya kanisa kwamba ni mume wa kuigwa, na kina mama wa kwaya wakageuza shingo kumtazama. Jumapili hiyo tulipofika nyumbani nikamvua koti, nikanusa kola.

Udi.

Nilikwenda mbio Majengo. Bi Kadija hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni, akaniambia sina la kufanya ila lilelile. Kila akipandishwa, nimshushe. Kwa kinywa changu, kwa sauti, jua likizama. Nisimsifu kamwe. Asisikie mtu kwamba ninampenda.

Ndivyo ninavyoishi. Majirani wanasema nina mdomo mchafu. Owino hatanii tena, anamwonea huruma rafiki yake. Mutisya akirudi na mkate ninauliza ameuokota wapi. Akivaa suti ninamwambia amefanana na mti wa kutishia ndege. Ninasema mlangoni, mtaa mzima ukisikia, halafu ninaingia jikoni, ninauma kanga nisilie kwa sauti. Mwanzoni nilimweleza kwa nini, naye akaitikia kwa kichwa, tukacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka.

Jana nilikuwa sebuleni, nimeketi kwenye kochi. Nje kulikuwa kunaingia giza, nilikuwa sijawasha taa. Aliingia na habari, kwamba tajiri wake anampa nyumba ya kampuni, Buruburu, kwa kazi yake nzuri. Alisimama akiningoja nifurahi. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Wamekosa mtu?" nikasema kwa nguvu. "Nyumba nzima wampe mjinga kama wewe?"

Akaketi kando yangu kwenye kochi, akaiweka kofia gotini.

"Mama Kiilu," akasema taratibu, "nimechoka."

"Ni maneno tu, Baba Kiilu. Unajua ni maneno."

"Najua." Akatazama sakafu. "Lakini kuna mtu kila jioni ananiambia mimi ni wa thamani gani. Kila jioni anapandisha. Na wewe kila jioni unashusha."

Akasogea kidogo kuelekea kwangu, si kwa mapenzi. Alikuwa akiacha nafasi.

Mto wa upande wake wa kushoto ukabonyea.

Nilitaka kumwambia. Mungu wangu, nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye roho yangu, kwamba bila yeye Ziwani yote ni jangwa. Maneno yalinifika menoni. Na nikaona, pale kochini, jinsi chumba kizima kilivyotulia, kikinisikiliza, kikitaka niyaseme.

"Wewe," nikasema, machozi yakinitiririka gizani, "wewe kwangu si kitu."

Mutisya akageuza uso. Hakugeukia kwangu. Alitabasamu lile tabasamu la Machakos, akanong'ona kule kushoto.

"Umesikia mwenyewe."