Jino la Mbele la Fundi Kicheko

Mimi ni fundi cherehani, na sijisifu ovyo. Ukiona mtoto wa shule mtaani kwetu amevaa sare iliyomkaa sawasawa, ujue nimeishona mimi au dada yangu. Ukiona iliyompwaya, usituulize sisi. Hiyo imetoka kwingine.

Chumba chetu cha kazi kiko mbele ya nyumba, kando ya barabara. Kina vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu cha wateja. Cherehani cha dirishani ni cha dada. Cha mlangoni ni changu, kwa sababu mimi ndiye mpokea wageni. Watu wananiita Fundi Kicheko. Nikicheka, mwenye duka ng'ambo ya barabara anachungulia kuona kuna nini. Mume wangu husema alikipenda kicheko changu kabla hajaiona sura.

Dada ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kupima, kukata na kupinda. Alinifundisha pia kukata uzi kwa meno.

"Mkasi wa nini, mdogo wangu?" alisema. "Wewe unautafuta mkasi, mwenzio kashamaliza shati. Mkasi wako uko mdomoni."

Basi nikashika hivyo. Kila uzi, kap! kwa jino la mbele. Kwa siku moja ni nyuzi mia na zaidi. Nilijiona hodari kweli.

Kumbe mkasi wa dada mwenyewe ulishavunjika. Miaka kumi na tano iliyopita jino lake la mbele liliuma. Akang'olewa asubuhi, jioni akarudi kushona. Mpaka leo anasimulia kama vita alivyoshinda. Lakini tangu siku hiyo, dada akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Mteja akitania, kazi inasimama, mkono unapanda mdomoni. Mimi nilishazoea. Nikaona ndiyo tabia yake.

Mwaka jana tukapata oda ya sare za shule nzima. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, na shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki sita. Tukafurahi, tukakunja mikono, tukaanza. Siku ya tatu nikauma uzi mnene wa mkoba. Nikasikia kitu kama punje ya mchanga ulimini. Kipande cha jino langu la mbele kilikuwa kimemeguka. Nikakitema, nikaendelea na kazi.

Baada ya siku chache nikanywa maji baridi, nikaruka kitini. Kesho yake ikawa chai ya moto. Kesho kutwa yake nilikuwa sijanywa kitu chochote, na jino linapwita lenyewe mpaka kwenye pua.

"Ling'oe," dada alisema. Hata hakugeuka. "Jino likishauma, limekwisha hilo. Asubuhi unang'oa, mchana uko kwenye mashine. Unataka oda itushinde?"

"Lakini ni la mbele, dada."

"La mbele, la nyuma, yote si meno? Mimi nilikufa?"

Nikamwendea mume wangu. Yeye ni mwashi. Huwaimbia wenye nyumba wote wimbo uleule: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini kwa jino langu akageuza maneno.

"Litoe tu, mke wangu. Linakutesa bure."

"Na nikibaki na pengo?"

"Nitakupenda na pengo lako."

"Wewe utanipenda. Kioo je?"

Akachukua vifaa vyake vya uashi, akatoka.

Niseme ukweli, niliogopa. Sikuogopa koleo. Nimezaa watoto wawili, koleo litanitisha nini? Niliogopa kile kiganja cha dada. Nilijiona na mimi nimeketi mlangoni, mgeni anatania, mkono wangu unapanda mdomoni. Fundi Kicheko asiyecheka ni fundi gani huyo?

Basi nikaanza ujinga wangu. Nilisaga kidonge cha maumivu, nikaupaka ufizi unga wake. Loo! Ufizi ukababuka, ukawa mweupe. Sasa nikawa na maradhi mawili. Siku nne nzima sikucheka. Wateja wakaanza kuniuliza kama nimefiwa.

Siku ya tano maumivu yakakatika, kama uzi. Nikanywa maji baridi, kimya. Nikanywa chai, kimya.

"Nimepona!" nikapiga kelele. "Dada, limepona lenyewe!"

"Hebu shona," dada akasema. "Una deni la mashati manne."

Mchana huo akaingia mteja wetu mmoja, binti mwembamba mwenye sauti ya upole. Ni daktari wa meno wa kituo cha afya. Alikuwa ameshika koti lake jeupe la kazi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja unishonee koti jipya. Hili limekwisha."

Nikaitikia, nikalipokea koti na kuligeuzageuza.

"Limekwisha wapi? Mfuko umechanika na pindo limefumuka, basi. Kitambaa kizima hiki! Mwanangu, fundi akikwambia utupe koti kwa sababu ya mfuko, mkimbie. Huyo si fundi, ni mwizi."

Akacheka. Na mimi nikacheka, kile kicheko changu chenyewe, mpaka mwenye duka akachungulia. Daktari akaacha kucheka.

"Mama, hebu cheka tena."

"Kicheko changu kitamu, eeh?"

"Kitamu sana. Lakini nataka kuuona ufizi. Sogea hapa dirishani, uinue mdomo wa juu mwenyewe."

Nikasogea, nikainua. Akatazama bila kunigusa.

"Jino hili limemeguka. Na kuna kijipu kidogo hapo juu yake. Liliuma?"

"Liliuma kufa mtu. Sasa limepona. Limenyamaza tangu asubuhi."

"Kunyamaza si kupona, mama. Kimya kingi kina mshindo mkubwa." Akavuta kiti, akakaa. "Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mshipa wa fahamu. Jino lilipomeguka, vijidudu vilipata mlango, vikaingia. Ile nyama imeoza na mshipa umekufa, ndiyo maana husikii kitu. Lakini vijidudu havijafa. Vinapita kwenye mzizi, vinakwenda kula mfupa. Hicho kijipu ni usaha unaotafuta pa kutokea."

Nikashika meza. 

"Si nilisema?" dada akadakia. "Ling'olewe, yaishe!"

"Huenda likang'olewa, mama," daktari akamjibu kwa heshima. "Huenda likatibiwa. Siwezi kusema mpaka nilipige picha ya eksirei. Kama mzizi umepasuka, ni kung'oa. Kama jino limelegea sana, au limeoza mpaka ndani ya ufizi na hakuna pa kushikia, ni kung'oa. Hapo kung'oa ndiyo tiba, na hakuna aibu. Lakini mzizi ukiwa mzima, tunatoa kilichooza, tunasafisha ndani, tunaziba. Jino linabaki."

"Jino lililokufa linabaki?" nikauliza.

"Linabaki na linafanya kazi. Mama, umeniambia nini sasa hivi kuhusu koti langu?"

Nikalitazama lile koti mkononi mwangu. 

"Itachukua siku ngapi?" nikauliza. "Tuna oda."

"Sikufichi. Kung'oa ni safari moja. Kutibu mzizi ni safari mbili au tatu, na malipo yake ni zaidi. Lakini pengo nalo lina hasara yake. Meno ya jirani yanaweza kuanza kulalia upande ulio wazi. Na ukitaka kuliziba pengo baadaye, utalipa tena."

Kisha akauona ule ufizi ulioungua, akaniuliza nimepaka nini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Kidonge kinamezwa kwa maelekezo. Hakiwekwi kwenye ufizi, kinaunguza. Na nikwambie jambo moja kubwa. Uso ukivimba, au ukipata homa, au ukishindwa kumeza au kufungua kinywa, usingoje kesho. Njoo saa hiyohiyo. Usaha wa jino unaweza kuua mtu."

 Cherehani cha dada kilikuwa kimesimama. Nilidhani atarudia habari ya vile vita vyake. Badala yake akauliza kwa sauti ndogo:

"Na langu? Lingetibika?"

"Sikuliona, mama. Nikisema lingetibika nitakudanganya."

"Mimi hakuna aliyeniuliza," dada akasema. "Nilikuta mtu na koleo lake. Nikafumbua kinywa, likatoka. Sikujua kuna swali la kuuliza."

 Halafu akanigeukia, na macho yake yalikuwa makali kama siku aliyokuwa ananifundisha kukata kola.

"Kesho uende. Mashati yako nitashona mimi."

"Dada, ni mengi."

"Nimesema nitashona. Nenda ukaulize swali ambalo mimi sikuuliza."

Asubuhi nikaenda. Nikapigwa picha, nikaambiwa ningoje kwenye benchi. Jamani, benchi lile! Nimewahi kungojea matokeo ya mitihani ya watoto, sikutoka jasho vile. Nilikuwa nimekubali. Mzizi ukiwa umepasuka, nitang'oa na nitaishi. Lakini nilitaka nijue kwanza.

Daktari akatoka na picha mkononi.

"Mzizi mzima," akasema. "Ufa umekomea kwenye jino, haukufika kwenye mzizi. Unasemaje, mama?"

"Tushone," nikasema.

Akanichoma sindano ya ganzi. Mdomo wa juu ukawa mzito, kama si wangu. Akatoboa tundu dogo upande wa nyuma wa jino, akaitoa ile nyama iliyooza, akasafisha mzizi kwa visindano vyembamba. Nilisikia mlio, sikusikia maumivu. Akatia dawa, akaziba kwa muda. Baada ya wiki moja nikarudi. Kijipu kilikuwa kimekwisha kabisa. Akaujaza mzizi na kuuziba moja kwa moja. Safari ya tatu akajenga kile kipande kilichomeguka, kwa kitu cha rangi ya jino lenyewe.

Akanipa kioo. Mimi ni mtu wa viraka. Nimetia viraka maisha yangu yote, najua kiraka kizuri na kiraka cha kulipua. Nikageuza uso huku na huku, nikautafuta mshono. Sikuuona.

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe ni fundi." Na sisemi neno hilo kwa kila mtu.

"Ahsante, mama. Lakini nina sharti. Kuanzia leo uzi ni marufuku mdomoni. Sindano na vifungo pia. Na usiku usilale bila kupiga mswaki."

"Nitakata na nini?"

"Siku hizi wameleta kitu kinaitwa mkasi," akasema. Nikacheka kwa kinywa chote, nikiwa bado kwenye kile kiti chake.

Nilipofika nyumbani, mume wangu alinikagua jino kama anakagua ukuta alioujenga mwenyewe. Akakohoa.

"Unajua, mke wangu, mimi husema siku zote, usipoziba ufa..."

"Ishia hapohapo!" nikamwambia. "Wewe ulisema litolewe!"

Mkasi mdogo sasa naufunga kwa kamba, unaning'inia shingoni pamoja na futi yangu ya kupimia. Siutafuti, uko hapohapo. Siku ya kwanza nilikuwa mzito. Siku ya kumi nilikuwa na kasi ileile ya zamani. Dada alinitazama wiki nzima. Jumatatu iliyofuata nikamkuta naye ana kamba shingoni.

"Usiniangalie," akasema. "Shona."

Oda tuliimaliza siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Kila kola imekaa, kila kifungo kimeshika. Na siku hiyohiyo tuliyokabidhi, dada alivaa vizuri, akachukua mkoba wake, akasimama mlangoni.

"Yule binti alisema pengo linazibika. Twende ukanioneshe njia."

Njia anaijua vizuri. Nikamsindikiza hivyohivyo. Daktari akamweleza kwamba jino lililotoka halirudi, ila linaweza kutengenezwa la bandia la kuvaa na kuvua. Akachukua kipimo cha kinywa chake, kama sisi tunavyompima mtu kiuno. Baada ya wiki mbili likawa tayari.

Asubuhi iliyofuata tukaketi mahali petu, yeye dirishani, mimi mlangoni. Watoto wa shule wakawa wanapita barabarani na sare zetu. Mmoja mdogo akasimama mbele ya mlango, akavuta kaptura yake juu, akatutangazia kwamba yeye sasa ni mwalimu mkuu. Nikacheka.

Halafu nikasikia kicheko kingine, kikubwa kuliko changu. Mwenye duka akatoka nje kabisa, akauliza, "Leo nani huyo anacheka?"

Nikageuka. Alikuwa dada. Kinywa kilikuwa wazi, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kitambaa.