Kiongozi wa Wimbo wa Reli

Rafiki yangu, fundi wa reli, alimzika babaye kimyakimya. Mzee alikuwa kiongozi wa wimbo wa wabeba reli, ule uliowafanya wanyanyue chuma kwa pamoja. Wazee wenzake walitaka kumwimbia kaburini. Mwanawe akawakataza, kwa kuwaonea haya wakwe zake. Tangu hapo moyo ulimsuta.

Baadaye alitumwa, yeye na mwenzake mmoja tu, ndani ya handaki la treni kukaza skrubu za reli zilizolegea. Mwenzake, aliyekijua kisa cha mazishi, akamtania, “Imba basi, bwana! Au wakwe wamo humu?”

Akaimba mstari wa kwanza wa wimbo wa babaye. Mbele gizani nyundo zikagonga reli, sauti za wanaume wengi zikaitikia, kisha zikanyamaza, zikisubiri.

Karibu kabisa na sikio lake mtu akakohoa kidogo, kikohozi kilekile cha babaye kabla ya kila ubeti.