Taa Tatu za Mzee Safari

Msimu wa karafuu ulikuwa umekwisha pale Vitongoji. Majamvi yameshakunjwa, wachumaji wameshakwenda zao. Mwanapili, mke wa Mzee Safari, alibaki na makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Alijaza gunia zima akalipeleka Chake Chake kuliuza. Adhuhuri alirudi na kichupa cha mafuta ya karafuu, mafuta ya kuchulia magoti yake.

Mzee Safari alikuwa barazani na majirani zake wanne, wanakunywa kahawa. Alipokiona kile kichupa hakuweza kujizuia.

"Jamani, mtazameni mke wangu!" alisema. "Kapeleka gunia, karudi na kichupa! Makonyo kauza mwenyewe, kisha kenda kuyanunua tena yakiwa mafuta. Ati biashara hiyo!"

Baraza zima lilicheka. Jirani mmoja alipaliwa na kahawa.

"Cheka tu, Baba Yumna," alijibu Mwanapili. "Mie mtambo wa kukamulia mafuta sina. Ningekuwa nao, makonyo ningeyauza ya nini?"

Akaingia ndani. Mzee Safari aliendelea kucheka peke yake. Ama kweli, nyani haoni kundule.

Siku ya tatu yake akaja mgeni. Alikuwa dalali mmoja wa Tibirinzi, jina lake Haroub, kanzu nyeupe pe, mdomo mtamu. Alikuja na gari, na garini mna paneli ya jua, betri na taa tatu mpya.

"Assalaam alaykum, mwenye shamba!" alisema Haroub kabla hajakaa.

Neno hilo, mwenye shamba, lilimwingia Mzee Safari mpaka kwenye mifupa. Watu wengi pale kijijini walimwita mtoto wa mbara. Baba yake, marehemu mzee Silima, alitoka upande wa Lindi akaja Pemba kuchuma karafuu, akaoa, akazikwa hapa. Kule bara aliacha shamba la mikorosho. Warithi wake ni wawili: Safari, na dada yake mkubwa, Mwanawema. Dada ndiye anayekaa kule shambani, yeye na wajukuu zake, katika nyumba ya baba.

"Kuna kampuni inatafuta madini kule," alisema Haroub. "Wanataka idhini tu ya mwenye shamba. Dada yako tumemwendea, katia ukaidi. Mara mpaka kijiji kikutane, mara mpaka waje wathamini wa Serikali. Nikawaambia, mwachieni mwanamke huyo, mwenyewe yupo Pemba. Na hizi taa ni zawadi yako. Wewe tia saini hapa."

Akatoa karatasi. Majirani wote wakamtazama Mzee Safari.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza. Mzee Safari alikuwa hajui kusoma. Msahafu alikuwa akiusoma vizuri, lakini herufi za skuli hakuzijua, ila zile za jina lake tu. Mkewe aliijua siri hiyo. Majirani hawakujua, na yeye alikuwa tayari afe kabla hawajajua. Alivaa miwani. Aliishika ile karatasi mbele ya uso, akateremsha macho taratibu kutoka juu hadi chini, akaitikia kwa kichwa.

"Sawa," alisema. "Hapa sawa. Na hapa sawa pia."

Mwanapili alisimama mlangoni. "Baba Yumna, dada kaambiwa lakini? Kwa nini karatasi isisomwe tukaisikia sote?"

"Mambo ya karatasi niachie mie," alisema mumewe, na akatia saini. Herufi sita za jina lake, nzuri kweli.

Haroub alimwachia nakala moja, akaondoka upesi. Hata kahawa hakuimaliza.

Kesho yake alikuja fundi wa umeme wa jua. Alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Fundo, Nadhira, aliyesomea kazi hiyo na sasa anazunguka vijijini kufunga taa na kutengeneza zilizoharibika. Alipanda juu ya paa kwa ngazi ya kuchumia karafuu, akafunga paneli. Kisha akashuka, akaweka betri sebuleni.

"Betri hii usiiweke karibu na jiko, baba," alisema. "Na ikifa usiivunje wala usiitupe kisimani. Niite niichukue. Ndani yake mna madini, mengine ni sumu, na mengine yanaweza kutumika tena."

"Madini gani hayo?" aliuliza Mzee Safari.

"Mengi. Yaliyo mengi zaidi katika betri ya namna hii ni kinywe."

"Kinywe! Lile jiwe jeusi laini, ukiligusa linakuachia masizi mkononi?"

"Hilo hilo."

"Lo! Mwanangu, jiwe hilo limejaa shambani kwa baba yangu! Tulipokwenda udogoni tukijipaka nalo ndevu."

Nadhira aliweka bisibisi chini. Alifurahi kwelikweli. "Basi mmeshika mpini, mzee! Dunia sasa inapunguza mafuta na makaa ya mawe. Inataka umeme wa jua na wa upepo, inataka magari ya betri. Kinywe kinatafutwa kila pembe. Lakini mwenye madini anaweza kutajirika, na anaweza kubaki na mashimo tu. Inategemea ameyatoaje."

"Yatolewe vipi?"

"Kinywe kikichimbwa kikapakiwa melini vile vile, bei yake ni ya vumbi. Wenzetu huko ng'ambo wanakisafisha, wanakitia kwenye betri, kisha sisi tunainunua betri kwa bei ya kuuma. Kikisafishwa hapa kwetu, thamani inabaki hapa, na vijana wetu wanapata ufundi na kazi."

Mwanapili alikuwa akichambua mchele pembeni. Aliinua uso.

"Kama makonyo yangu," alisema.

Mzee Safari alikohoa. Hakuna aliyecheka.

"Kama makonyo yako hasa, mama," alisema Nadhira. "Na madini si ya mtu mmoja. Kisheria ni mali ya wananchi wote, Serikali inawashikia. Lakini anayekaa juu ya ardhi ana haki ya fidia iliyo ya haki. Ndiyo maana watu hawatakiwi kuuza mmoja mmoja, kila mtu na dalali wake. Kijiji kinakaa pamoja. Ardhi inathaminiwa. Mkataba unasomwa mbele ya watu wote: maji yetu yatalindwaje, nani atafundishwa kazi, mashimo yatafukiwa na nani. Kijiji kilichogawanyika hupewa makombo."

Mwanapili aliinuka. Alikwenda chumbani akarudi na ile nakala, akampa fundi. "Tusomee, mwanangu. Kwa sauti."

"Mwanapili!" alisema Mzee Safari.

"Nasema isomwe."

Karatasi ilikuwa ya Kiswahili, herufi kubwa kabisa. Nadhira alisoma: "Mimi, Safari Silima, nathibitisha kuwa ndiye mrithi pekee wa marehemu Silima. Nathibitisha kuwa hakuna mtu mwingine mwenye haki katika shamba hili, wala hakuna mtu anayeishi humo. Nathibitisha kuwa nimepokea fidia yangu yote, nayo ni paneli moja ya jua, betri moja na taa tatu."

Nadhira alimtazama mzee, akaelewa, akainamisha macho kwa adabu. Adabu ile ilimuumiza Mzee Safari kuliko tusi.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimtazama mkewe akingojea acheke. Alikuwa na haki ya kucheka, tena barazani mbele ya watu, kama yeye alivyochekwa. Mwanapili hakucheka. Alikaa chini akashika tama.

"Dada Mwanawema atalala wapi?" alisema tu.

Jioni Mzee Safari aliwasha zile taa, maana majirani walikuja kuziona. "Mashaallah, baraza inang'aa!" walisema. Kila aliyesifu alikuwa kama anamkanyaga kidonda. Alizizima, akasema kichwa kinamuuma, akaingia ndani na kulia.

Simu ya dada ililia mara tatu siku ile. Hakupokea. Ya nne aliipokea Mwanapili, akamshikisha mumewe mkononi.

"Shikamoo, dada," alisema, na sauti ikamkatika.

"Marhaba," aliitikia Bi Mwanawema. "Leo wamekuja watu na kamba, wanapima uwanja wangu. Nikawauliza, kwa idhini ya nani? Wakanionyesha karatasi kwenye simu. Wamesema ndugu yangu ameandika kwamba mimi sipo."

"Dada..."

"Nipo, Safari. Nimekaa hapa kwenye kizingiti cha baba. Nipo."

Mzee Safari alilia kama mtoto. Angeweza kusema karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Angeweza kusema alirogwa. Ulimi ulishafika huko, akaurudisha.

"Dada, sikuisoma," alisema. "Mie sijui kusoma. Niliona haya kusema mbele ya watu."

"Haya ya watu uliiona," alisema Bi Mwanawema. "Haya yangu mimi hukuiona?"

Asubuhi alikwenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yake. Njiani alirudi nyuma mara mbili. Mwanapili alimfuata hatua kwa hatua, akampa mkono mara ya tatu. Sheha alimsikiliza, akamwita msaidizi wa sheria, bibi mmoja aitwaye Ruweida.

"Karatasi hii imemficha mrithi, na inasema uongo," alisema Ruweida. "Inaweza kupingwa, lakini upesi, kabla watu hawajavunja nyumba. Tutaandika barua ya kuikana, na wewe mwenyewe ukasimame mbele ya mkutano wa kijiji kule bara. Ila lazima useme ukweli jinsi ulivyotia saini. Utaweza?"

"Mbele ya watu wote?"

"Mzee Safari," alisema sheha, "mficha uchi hazai. Ungeuliza siku ile, ungeona haya dakika moja tu."

Basi alisema. Alianzia barazani kwake, mbele ya majirani wale wanne. "Siku ile nilikuwa sisomi," aliwaambia. "Nilikuwa nateremsha macho tu." Mmoja wao, Suhaib, aliinama akitazama kikombe chake. Baadaye alimnong'oneza: "Hata mie, yakhe. Hata mie." Wiki ile ile wakajiandikisha wote wawili darasa la watu wazima, pale skuli, kila siku baada ya alasiri. Nadhira alizifungua zile taa, zikakabidhiwa kwa sheha zirudishwe kwa aliyezileta.

Kisha akavuka bahari, akasema vile vile mbele ya kijiji cha kule bara, nacho kikaikana karatasi ya Haroub. Kilikaa vikao miezi saba. Kampuni ilikuja mezani, wathamini wa Serikali wakaja, wakahesabu kila nyumba na kila mkorosho. Siku ya kutia saini Mzee Safari alivuka bahari tena. Mkataba ulisomwa wote kwa kipaza sauti. Kinywe kitasafishwa katika mtambo utakaojengwa wilayani, hakitaondoka kikiwa vumbi. Vijana wa kijiji, wa kike na wa kiume, watafundishwa ufundi kwanza. Chakula cha wafanyakazi kitanunuliwa kwa wakulima wa pale. Maji ya visima yatapimwa, na majibu yatabandikwa ofisi ya kijiji. Nyumba ya mzee Silima haitaguswa.

Ikafika zamu ya warithi. Karani alimpa Mzee Safari kalamu.

"Ngojeni," alisema. "Nisome mwenyewe."

Watu walingoja juani. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, akikwama na kurudi, jasho likimtiririka. Vijana wa nyuma walicheka. Aliwaacha wacheke. Alipofika penye jina la dada yake, alimpa yeye kalamu kwanza.

Bi Mwanawema alitia saini. Hakumkumbatia. Lakini mchana alimpakulia wali kwa mkono wake, na Mzee Safari akaula wote.

Mwaka mwingine ukaja, na msimu mwingine wa karafuu. Barazani Vitongoji sasa pana taa mbili, za kununua kwa jasho, Nadhira ndiye aliyezifunga. Wanawake wa pale, Mwanapili akiwa wa mbele, wameunda ushirika na wameomba mtambo mdogo wa kukamulia makonyo. Mzee Safari ndiye aliyebeba barua yao mjini. Kabla ya kuondoka nayo aliisoma.

Adhuhuri moja simu yake ililia. Ujumbe wa dada. Majirani walikuwepo, kahawa ipo. Zamani angeitia mfukoni na kusema atausoma baadaye. Sasa alivaa miwani, akasoma kwa sauti, taratibu:

"Kauthar, mjukuu wangu, ameanza mafunzo ya kazi ya mtambo. Maji ya kisima yamepimwa, ni mazima. Nyumba ya baba nimeipaka chokaa. Mimi nipo."

Majirani walisema alhamdulillahi, wakaendelea na kahawa. Mzee Safari hakuendelea. Miwani ilikuwa imeingia ukungu. Haya ile haijamtoka mpaka leo.

Mwanapili alikuwa mlangoni, kichupa chake cha mafuta mkononi.

"Soma tena hapo mwisho, Baba Yumna," alisema.

Akasoma tena.